Mkeka Chini ya Kitanda

Kama umelala kifudifudi na mtu anakusomea haya, au wewe ndiye unayemsomea aliyelala hivyo, nimekuandikia wewe. Mimi nililala hivyo masika yote na kipupwe chote. Sasa naketi. Naandika nikiwa nimeketi, na kila nikimaliza mistari michache najiinua kwa mikono miwili, nakaa hewani kwa muda wa kusoma Fatiha moja, ndipo nashuka tena. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Naitwa Zena. Sisi ni Wazaramo wa Buguruni. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la nne. Niliacha shule siku ya tatu baada ya mazishi, nikawasha jiko la mama la vitumbua. Nyuma yangu walikuwapo wawili: Salum, na Mwanaidi aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mama aliniachia neno moja tu: "Usiwatawanye." Ndilo lililonishughulisha kuliko kidonda nitakachokusimulia.

Miaka ilipita, vita vya pili vya Wajerumani vikaisha, Salum akawa kijana wa kibarua bandarini, Mwanaidi akaanza shule. Halafu, masika moja ya mvua nyingi, ukuta wa udongo wa jikoni ulilowa ukaniangukia mgongoni nikiwa nimeinama kuchochea moto. Tangu hapo miguu yangu haikusikia tena. Ukinichoma mwiba wa mchongoma kwenye paja, nitakuuliza unafanya nini. Mkojo nao ukawa unakuja bila kubisha hodi. Miguu ilikonda ikawa kama miti ya muhogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Walionitibu mgongo walinirudisha nyumbani kipupwe kilipokuwa kinaisha. Nikajiambia, miguu imekufa, mikono haijafa. Salum akinibeba alfajiri na kuniweka juu ya kigoda mbele ya jiko, siondoki mpaka adhuhuri. Zamani nilikuwa nikikaa hivyo naumwa, nageuka huku na huku. Safari hii sikuumwa. Majirani walishangaa.

"Zena, huchoki?"

"Sichoki, bibi. Nimepewa mwili mpya."

Nilijisifu hivyo vuli nzima. Mtu mwingine anapokaa sana, mwili humwambia: geuka. Wangu ulikuwa umenyamaza, na mie nikaudhania ukimya wake kuwa nguvu.

Mwanaidi ndiye aliyeona kwanza, siku ananiogesha. Alama nyekundu kwenye tako la kushoto, upana wa kidole gumba. Tukapaka mafuta ya nazi. Baada ya siku chache ikawa nyeusi, kisha ikafunguka. Tuliweka asali, tukaweka majani aliyotuletea mama mkubwa, dada yake marehemu mama, kutoka kijijini kwake Maneromango. Siyalaumu majani, wala simlaumu mama mkubwa. Kila asubuhi tulikuwa tunakiosha kidonda, halafu mimi narudi kukikalia. Nani angepona hivyo? Joto la kaskazi lilipofika, shimo lingeweza kumeza yai la kuku, na ndani ulionekana mfupa. Tulichoma ubani kutwa. Wageni waliokuja kunijulia hali walishika kanga puani, wakisingizia mafua.

Mama mkubwa pekee hakushika pua. Aliketi, akanitazama, akasema, "Zena mwanangu, watoto hawa ni wangu pia. Salum ni mwanamume, atapata pa kulala hapa hapa mjini. Mwanaidi nitaondoka naye. Mtu asiyeweza kuketi hawezi kulea."

"Mama mkubwa, nipe muda. Nitaketi."

"Nakupa. Lakini sitangoja mpaka nikuzike ndipo nimchukue mtoto."

Hakuwa mwanamke mbaya. Nataka hilo lijulikane mapema.

Salum aliazima mkokoteni, akanilaza juu ya godoro la majani, akanisukuma mpaka hospitali ya serikali mjini. Barazani watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi tangu alfajiri. Mimi nilitandikiwa mkeka chini, na kila mstari uliposogea, watu wawili niliokuwa siwajui waliushika mkeka kwenye pembe wakanivuta hatua moja mbele. Tulivutana hivyo mpaka adhuhuri. Mwanamke mmoja mwenye mtoto wa homa alinisogezea chungwa lililomenywa. Ukiwa barazani ukadhani hakuna anayekuona, tazama vizuri, kuna mtu ana chungwa.

Daktari alikuwa Mzungu wa maneno machache, aliyejifunza kazi hii kwa askari waliovunjika migongo vitani. Alisema kidonda kama hiki hakitafunikwa na dawa. Watakata nyama iliyokufa, watalainisha ncha ya mfupa, kisha watachukua ngozi na nyama nzima ya jirani yake, wataizungusha bila kuitenga na mwili, wafunike kidonda kwa nyama hiyo na kuishona. Lakini kwanza kidonda kiwe safi na mimi ninenepe. Nikalishwa mayai, samaki na maziwa, nikachomwa sindano za penisilini asubuhi na jioni.

Aliyenitafsiria maneno hayo ndiye aliyekuwa dresa, yaani mfunga vidonda wa wodi yetu. Jina lake Mihayo, mtu mzima, kipara, Mnyamwezi wa Tabora. Siku ya kwanza alipokuja na beseni, pamoja na nesi, nilijifunika uso kwa kanga. Si jambo dogo, mwanamke kufunuliwa hapo na mwanamume.

"Wewe kabila gani?" akauliza.

"Mzaramo."

Akaweka beseni chini akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Watani wangu! Wodi nzima nimepewa Wahehe na Wapogoro wanaonitazama kama jiwe. Hebu tuone Mzaramo amekalia nini. Loo! Nyie watu wa ngoma, hata kidonda chenu kimefungua mdomo kiimbe."

Nilicheka ndani ya kanga. Kwetu mtani hana haya nawe, wala wewe huna haya naye. Atakutukana, atakunyang'anya kofia, atazuia jeneza lako mpaka apewe chake, na hutakasirika, kwa sababu ndiye atakayekuchimbia kaburi. Nikamjibu, "Babu zako walibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani. Wewe umebaki kubeba beseni la usaha."

"Na babu zako walikuwa wamelala njiani wanatutazama," akasema. Kufikia hapo kitambaa kilikuwa kimekwisha kutoka na kidonda kimeoshwa. Toka siku ile sikujifunika uso tena.

Nilipasuliwa masika yalipoanza. Salum alitoa damu yake, wakanipa. Nakumbuka harufu ya dawa ya usingizi, halafu mvua juu ya bati, halafu nimelala kifudifudi, mto chini ya kifua, mto chini ya mapaja, uso nje kidogo ya godoro, natazama sakafu. Mihayo akaja akainama.

"Sikiliza, mtani. Wiki tatu hivyo hivyo. Ubavuni hapana, nyonga zako nazo zimeanza kuwa nyekundu. Chali hapana. Kuketi, hata ukiitwa na malaika, hapana. Nyama hii ni mgeni hapo ilipo, haijazoea."

Kila kengele ya wodi ilipolia, Mwanaidi au nesi alikuja kuhamisha mito ili goti na kifua navyo visioze. Niliijua sakafu ile kuliko kiganja changu. Palikuwa na ufa kama mto Msimbazi na matawi yake.

Siku ya kumi na moja, saa ya kutazama wagonjwa, Salum alikuja mbio. "Dada, mama mkubwa yuko getini."

Nikaona namna atakavyoingia na kunikuta: miguu imeelekezwa mlangoni, tako juu, kisogo mbele yake. Nitamwamkiaje mtu mzima kwa kisogo? Na zaidi ya hayo, nilitaka anione nimeketi. Nilitaka hilo kupita kiasi.

"Niketisheni," nikasema.

Mwanaidi akasema, "Dada, Mzee Mihayo alisema—"

"Mihayo si ndugu yenu. Niketisheni upesi, nipeni ile kanga mpya."

Walikuwa wamezoea kunitii. Niliwalea hivyo mwenyewe. Wakanigeuza, wakaniegemeza kwenye mito, wakanifunga kanga kifuani. Mama mkubwa akaingia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ah! Kumbe umeketi!" Uso wake ulifunguka kama mlango.

Mnatujua Wazaramo tunavyoamkiana. Niliuliza habari za nyumbani, za shamba, za mpunga, za kuku, za jirani aliyegombana na jirani, mgonjwa mmoja mmoja na aliyezaa mmoja mmoja. Naye aliuliza za mjini zote. Sikuumwa. Nilikuwa na furaha, nimenyooka, mwanamke mwenye nyumba yake anayepokea mgeni. Ndipo Mwanaidi aliponong'ona, "Dada, mbona kanga imelowa?"

Ilikuwa damu. Mishono yote ya upande wa chini ilikuwa imeachia, na mie sikusikia hata kama kuumwa na sisimizi.

Mihayo alikuja, akafunua, akatazama, akafunika. Siku ile hakunitania. Ndipo nilipoogopa.

Daktari alisema, na Mihayo akatafsiri kwa sauti ya chini, kwamba nyama ya kufunikia iliyobaki karibu na hapo inatosha mara moja tu. Ikiachia tena, hataweza kukata nyingine, nami sitaketi maisha yangu yote. Mama mkubwa alisikia. Alisimama kwenye mlango wa wodi, buibui mkononi, akasema kwa upole mkubwa, "Nitarudi tukishavuna mpunga. Nikikuta bado hivi, Zena, usinizuie."

Nilipasuliwa tena masika yalipokuwa yanakatika. Safari hii walichukua nyama ya nyuma ya paja. Niliamka nikatazama ule ufa wa sakafuni, nikauambia, tumerudi.

Siku za kipupwe zilikuwa nzuri, nakiri. Upepo baridi uliingia dirishani, na wagonjwa wenzangu walinizoea. Bibi mmoja wa kitanda cha jirani, aliyevunjika nyonga, alikuwa akinisimulia kila anayepita, kwa kuwa sikuweza kuwaona: "Huyo viatu vyeusi ni nesi mkali. Huyo miguu peku ni mumewe yule wa pembeni, leo ameleta ndizi." Nililijua jiji zima kwa visigino. Mwanaidi alikuja baada ya shule, Salum alikuja akitoka kazini ananuka mkonge. Kidonda kilikuwa kikavu. Mihayo alianza tena matusi yake, nami nikahesabu kila tusi kuwa dawa.

Siku ya kumi na nne mama mkubwa alirudi. Nilizitambua kandambili zake za ngozi ya ng'ombe kabla hajasema kitu. Zilisimama upande wa miguu yangu.

"Hodi," akasema. "Mbona siku hizi mgeni anapokelewa kwa nyayo?"

Nilijua yote niliyoambiwa. Nilijua nyama haikubaki nyingine. Na bado, wallahi, mdomo wangu ulisema, "Salum, nigeuze."

Salum alikuwa kando yangu. Niliona miguu yake inarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, dada."

"Nimesema nigeuze! Mtu mzima amesimama!"

"Sitaki, dada. Nipige ukitaka, ukishapona."

Hakuwahi kunikatalia kitu tangu azaliwe. Mama mkubwa akasema, "Haya, basi. Nimeona. Mwanaidi, nguo zako ziko wapi?"

Ndipo niliposikia mlio wa beseni kuwekwa mezani.

"Nani huyu Mzaramo amesimama wodini kwangu kama mnazi?" Mihayo akauliza.

"Na wewe ni nani unayeniuliza?"

"Mnyamwezi."

Kisha mama mkubwa, kwa sauti nyingine kabisa, "Ah. Nilisikia harufu ya mzigo."

Wodi ikacheka. Mihayo aliingia chini ya kitanda cha bibi wa jirani, akavuta mkeka wa bibi huyo, akautandika sakafuni pale pale uso wangu ulipoelekea. "Kiti chako hiki, mama wa Kizaramo. Lala chali."

"Mimi? Nilale chini ya kitanda? Kama paka?"

"Paka anajua pa kulala, wewe hujui. Nyie si mnapenda kuamkiana mpaka jua linatua? Basi kaamkiane. Mwenzako uso wake uko huku. Ukiendelea kusimama huko unaamkia tako. Na ukikataa, siku yako ya kufa nitasafiri kutoka Tabora kwa miguu nije nikae juu ya jeneza, sishuki mpaka nipewe jogoo na mtungi wa pombe."

"Mimi Mwislamu, mlaaniwa wewe!"

"Basi jogoo wawili."

Angekuwa mtu mwingine yeyote, daktari, nesi, hata mwanawe wa kumzaa, mama mkubwa angeondoka na tusi lake moyoni mpaka kaburini. Kwa mtani hukasiriki. Nikaona kandambili zinavuliwa. Nikaona mkono unashika ukingo wa kitanda, goti linagusa sakafu, na pole pole, huku akimtukana Mihayo na ukoo wake, mama mkubwa alilala chali kwenye mkeka, uso wake chini ya uso wangu, karibu hata niliona tumbaku kwenye meno yake.

Sikuwa nimeona uso wa mtu mzima sawasawa kwa wiki mbili.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema, na machozi yakanishinda. Ukilia umelala kifudifudi, machozi hayapiti shavuni. Yanaanguka. Tone likamwangukia kwenye paji la uso. Akalifuta kwa kanga.

"Marahaba, mwanangu. Humu masika hayajakatika?"

Tulianza: nyumbani, shamba, mpunga, kuku. Tulipokuwa kwenye kuku, Mwanaidi akatambaa na kitabu chake cha shule, akalala kando ya mama mkubwa kama alivyozoea kulala hapo kila siku, akakifungua juu ya uso wake, akanisomea. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua. Alipokosea nilimrudisha. Salum akachutama, akaniambia amesharekebisha mlango wa nyumba, nikamwambia asisahau kumfulia mdogo wake sare kabla ya Jumatatu. Kengele ikalia. Wote wawili wakasimama bila kuambiwa: mmoja mto wa kifua, mmoja mto wa mapaja, moja, mbili, tatu, tayari. Mwanaidi akarudi chini, akaendelea kusoma pale alipoachia.

Mama mkubwa alisikiliza mpaka ukurasa ukaisha. Kisha akasema, "Zena, nilisema mtu asiyeweza kuketi hawezi kulea."

"Ulisema, mama mkubwa."

"Nilisema nikiwa nimesimama."

Saa ya wageni ilipokwisha, Salum na Mihayo walimwinua, kila mmoja mkono wake, na Mihayo akamwambia ni mzito kuliko pembe za babu yake. Jioni ile mama mkubwa hakupanda lori la Maneromango. Alikwenda Buguruni na wadogo zangu, akawapikia na kusuka mkeka jikoni kwangu mpaka nilipotoka. Kila saa ya wageni alikuja, akavua kandambili, akashuka chini mwenyewe.

Mishono ilitolewa. Daktari akangoja wiki nyingine. Siku ya kuniketisha, Mihayo alisema nikae muda wa kikombe cha chai kupoa, basi. Nilikaa juu ya mto wa sufi. Wakanilaza, wakaniangalia: ngozi nzima, haijabadilika rangi. Kesho yake vikombe viwili, na saa nyingine zote kifudifudi, hivyo hivyo mpaka kipupwe kikaisha. Nilirudi nyumbani mvua za vuli zikianza. Majirani walikuwa wamemsaidia Salum kuujenga upya ukuta wa jikoni, na safari hii walichimba mfereji wa maji nyuma yake.

Sasa nakueleza ninavyoishi, uchukue kitakachokufaa. Mwili wangu hausemi, kwa hiyo nausemea. Nikikaanga vitumbua, kila mkupuo mmoja ukitoka kwenye chuma cha kukaangia, najiinua kwa mikono, Fatiha moja. Filimbi ya karakana ya reli ikilia mchana, naacha jiko hata kama wateja wamesimama, nalala kifudifudi mpaka alasiri. Jioni Mwanaidi ananishikia kioo, najitazama mwenyewe. Kovu lina umbo la mundu, na ngozi ya paja iliyohamia pale ina baka jeusi nililozaliwa nalo mahali pengine. Mara nyingine linanichekesha. Na kama una wadogo wanaokutii sana, wafundishe mapema kukukatalia.

Siku mama mkubwa alipoondoka kurudi Maneromango, lori lilikuwa likipiga honi barabarani. Mwanaidi alikuwa amekaa kando yangu na kitabu chake. Nilitaka kumrudishia mama mkubwa mkeka wake, ule aliousuka mwenyewe jikoni kwangu miezi yote ile. Akaukataa, akainama kwa taabu, akausukuma chini ya kitanda changu.

"Uache hapo," akasema. "Akija mtu na heshima zake, mwonyeshe pa kulala."